Sharti la mwanaakiolojia kwenye kibali cha jiko: jibu kwa msomaji wa Bury St Edmunds

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, katika nyumba ndogo ya safu isiyo mbali na magofu ya abasia, yaani makao ya kale ya watawa. Tumepata kibali cha kuongeza jiko nyuma ya nyumba, mita 4 kwa mita 3. Barua ya halmashauri inasema nyumba yetu haimo ndani ya eneo la abasia linalolindwa kitaifa, ila imo katika kiini cha mji wa kale, hivyo uchimbaji wote lazima ufuatiliwe na mwanaakiolojia tutakayemlipa sisi wenyewe. Fundi wetu anasema hizo ni hela za kutupa, na kwamba akichimba Jumamosi alfajiri hakuna atakayejua. Mama mkwe naye anaogopa tusije tukafukua makaburi. Je, kazi ya mtu huyo hasa ni nini, anaweza kutusimamishia ujenzi, na tukikuta mifupa tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Nimesimama kando ya mitaro ya namna hii kwa miaka mingi huko huko mashariki ya Uingereza, na maswali yako ni yale yale ninayoulizwa na karibu kila mwenye nyumba, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na shauri la fundi, kwa sababu ndilo lenye madhara yasiyoweza kurekebishwa. Nisingependa umwone kuwa mtu mbaya. Yeye anahesabu siku za vibarua na kodi ya mashine, na hesabu hiyo ni ya haki. Lakini sharti lile ni sehemu ya kibali chenyewe, si ombi, na kuchimba kabla halijatimizwa ni kujenga kinyume cha kibali. Halmashauri ina uwezo wa kutoa ilani ya kukiuka sharti, na kuipuuza ilani hiyo ni kosa la jinai. Isitoshe, siku mtakapotaka kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi ataomba barua ya kuthibitisha kwamba masharti yote yametimizwa, na sharti la akiolojia, tofauti na sharti la rangi ya matofali au aina ya dirisha, haliwezi kutimizwa baada ya kazi kwisha. Mtaro ukishamwagwa zege hakuna tena cha kufuatilia.

Hata kama sheria isingekuwepo ningekushauri vivyo hivyo. Mwaka 2017, huko St Albans, kaskazini mwa London, kando ya kanisa kuu ambalo zamani lilikuwa la abasia ya Wabenedikto, wanaakiolojia walichimba mahali palipokusudiwa kujengwa kituo cha kupokea wageni. Katika kaburi mojawapo walikuta mihuri mitatu ya madini ya risasi, ya aina iliyokuwa ikining'inizwa kwenye hati za Papa, yenye jina la Martin wa Tano, aliyeliongoza Kanisa kuanzia 1417 hadi 1431. Kwa mihuri hiyo waliweza kumtambua aliyelala pale kuwa ni Abati (yaani mkuu wa abasia) John wa Wheathampstead, aliyefariki mwaka 1465. Sasa fikiria kaburi hilo hilo likipitiwa na mashine alfajiri, na udongo wake ukipakiwa kwenye lori kabla ya jua kuchomoza. Mihuri ingekuwa bado ipo, pengine jalalani, pengine mfukoni mwa kibarua, lakini isingemtambulisha mtu yeyote, kwa maana kilichoifanya iseme ni kule kukutwa kwake ndani ya kaburi lile, kando ya mifupa ile na si mingine.

Wapo pia walioharibu bila kujua. Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485 na kuzikwa katika kanisa la Wafransisko mjini Leicester, alipofukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari alikutwa hana nyayo. Yaelekea ziliondolewa na ujenzi wa karne ya 19, kazi ndogo tu ya uani, ya mafundi ambao hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba walikuwa wanachimba mahali pa pekee. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Wewe umepewa mtu huyo.

Sasa nikueleze ni nini hasa kinachotafutwa uani kwako, kwa sababu nadhani wewe, fundi na mama mkwe wote mnafikiria wamonaki, na mimi sitarajii wamonaki.

Abasia ya Bury ilikua juu ya kaburi la Edmund, mfalme wa Anglia Mashariki aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869 na baadaye akaheshimiwa kama mtakatifu na shahidi. Mwaka 1020, chini ya Mfalme Cnut, Wabenedikto walikabidhiwa mahali hapo, na kwa zaidi ya miaka 500 wakajenga mojawapo ya abasia kubwa kabisa za nchi ile, yenye kanisa la urefu wa mita 150 na zaidi, hadi ilipofungwa mwaka 1539 wakati Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba zote za watawa. Wasomaji waliowahi kufika kusini mwa Tanzania, Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, au Ndanda, iliyoanzishwa 1906, wanajua kwamba abasia ya Wabenedikto si kanisa peke yake. Kuna karakana, mashamba, bustani, wagonjwa wanaotibiwa, wageni wanaolazwa. Na nje ya ukuta kuna watu ambao maisha yao yote yanaizunguka, kwa kuwa wanaiuzia, wanaifanyia kazi, wanaomba na kuzikwa chini ya kivuli chake. Kanuni inayofuatwa Peramiho leo ni ile ile ya Mtakatifu Benedikto iliyofuatwa Bury, kwa hiyo mfano huu si wa kulazimisha.

Nyumba yako, kwa maelezo ya barua, iko upande wa hao wa nje. Abati Baldwin, aliyeiongoza abasia kuanzia 1065 hadi 1097, ndiye aliyepanga mitaa ya magharibi ya ukuta kwa mistari iliyonyooka, mtaa mmojawapo ukielekezwa moja kwa moja kwenye mlango mkuu wa kanisa. Ukisimama leo kwenye Churchgate Street utaona kwamba bado unalenga kule kule. Kitabu cha hesabu ya nchi cha mwaka 1086, alichoagiza Mfalme William, kinaandika nyumba 342 zilizosimama juu ya ardhi ambayo zamani za Mfalme Edward, yaani hadi mwanzo wa 1066, ilikuwa inalimwa kwa plau. Miaka 20 tu, na shamba likawa mji. Sijui miji mingi ya Uingereza ambayo mabadiliko hayo yanaweza kutajwa kwa uwazi namna hiyo, na udongo wa shamba lile, mahali ambapo haukuchimbuliwa baadaye, unapaswa kuwa bado uko chini ya nyua za mji.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, nami naomba univumilie kidogo. Karibu kila kitu tunachokijua kuhusu Bury ya enzi za kati kiliandikwa na wamonaki. Wao ndio waliokuwa na wino, ngozi ya kuandikia na mahali pa kuhifadhi. Ukumbi wa mikutano wa abasia ulipochimbuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kukutwa makaburi ya maabati sita, akiwemo Samson aliyefariki mwaka 1211, wasomi waliweza kuwataja kwa majina kwa kuwa orodha ya mazishi yao ilikuwa imehifadhiwa katika hati ya kale iliyokuwa Douai, Ufaransa. Abati alikuwa na kaburi, na kaburi lilikuwa na karatasi. Watu wa mji hawakuwa na karatasi. Tunajua kwamba hawakuridhika kutawaliwa na abati. Mwaka 1327 waliivamia abasia na kuipora, na lango kubwa linalopigwa picha na watalii leo lilijengwa baada ya ghasia hizo. Lakini hata habari za ghasia tunazisoma kwa mkono wa waliovamiwa. Waliovamia walikula nini, walifanya kazi gani nyuma ya nyumba zao, walikuwa maskini kiasi gani walipokasirika, hayo hayamo katika hati. Yamo katika mashimo ya choo, visima na majalala ya nyua kama wako. Ndiyo maana mshauri wa akiolojia wa halmashauri aliweka sharti kwenye jiko la mita 4 kwa 3. Hakutegemea hazina.

Tufanye hesabu ya huo uchimbaji. Msingi wa pande tatu una urefu wa mita 10; ukichimbwa kwa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1, unatoa mita za ujazo 6 za udongo, na mashine ndogo inamaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Ongeza mtaro wa bomba la maji taka na shimo la kunyonyea maji ya mvua, ambalo mara nyingi huenda chini kuliko msingi wenyewe. Ni kazi ndogo kwa fundi. Kwa mwanaakiolojia ni dirisha jembamba, na mara nyingi ndilo dirisha la pekee litakalofunguliwa katika kiwanja hicho kwa miaka 100 ijayo.

Atakachofanya siku hiyo ni hiki. Kabla ya lolote atataka mashine iwekewe kijiko kisicho na meno, chenye ukingo laini, kwa sababu meno huukwaruza udongo na kuzifuta rangi zake, na rangi ndizo anazozisoma. Atasimama mahali anapoona ncha ya kijiko, na udongo utaondolewa kwa tabaka nyembamba badala ya kuzamisha kijiko mpaka chini kwa mkupuo mmoja. Juu kabisa atakuta udongo mweusi wa bustani wenye vipande vya sahani za maua, mashina ya kiko za udongo na matofali ya karne ya 18 na 19. Huo hautamchelewesha sana. Chini yake anaweza kukuta tabaka lenye chembechembe za chokaa, vipande vya mawe na pengine vioo, ambalo ni alama ya kipindi baada ya 1539, wakati abasia ilipogeuzwa kuwa machimbo ya mawe ya mji mzima. Ukitembea kwenye magofu utaona nguzo za mawe ya gumegume zilizobaki kama mifupa bila nyama. Lile jiwe zuri la chokaa lililochongwa kwa kuzifunika lilibanduliwa na kuuzwa, na sasa limo ndani ya kuta na misingi ya nyumba za watu. Kwa hiyo fundi akikuta jiwe lililochongwa vizuri katika mtaro wako, asikimbilie kusema kwamba pale palikuwa na jengo la abasia. Jiwe husafiri. Kinachoonyesha kwamba ukuta ulisimama pale pale ni mtaro wake wa msingi ulioingia katika udongo wa chini, au kovu la mtaro uliobaki baada ya mawe kung'olewa, na kovu hilo huonekana kama mstari wa kifusi wenye kingo zilizonyooka, ambao asiyezoea huupita bila kuugundua.

Chini zaidi ndipo penye matumaini yangu kwa upande wako. Shimo la choo la karne ya 13 halina sura ya kuvutia: ni duara au mraba wa udongo wa kijani kibichi uliochanganyika na kahawia, laini kuliko udongo unaolizunguka, na wakati mwingine, niwie radhi, harufu yake haijaisha. Mwanaakiolojia akiliona ataomba mashine isimame, atasafisha uso wake kwa mwiko, atapiga picha yenye kipimo, atachora umbo lake na kuta za mtaro pande zote, na atachukua sampuli ya udongo, kwa kawaida lita 40 kwa kila tabaka lenye maana. Sampuli hiyo huoshwa kwa maji juu ya chekeche, mbegu zilizoungua zikaelea, mifupa midogo ya samaki ikabaki chini. Kutokana na hiyo inajulikana kama nyumba ile ilikula ngano au shayiri, kama samaki walitoka mtoni au baharini, na kama kuna aliyesumbuliwa na minyoo. Vipande vya vyungu vitasema ni miaka gani, kwa kuwa wafinyanzi walibadilisha udongo, umbo na rangi kadiri vizazi vilivyopita, na wataalamu wa mkoa wanazijua tofauti hizo kama mama anavyojua sufuria zake. Chini kabisa, kabla ya kufikia chaki, kama bahati ipo, ataona ule udongo wa shamba wa kabla ya Baldwin.

Na asipoona kitu? Hilo nalo huandikwa, na si kazi bure. Kumbukumbu ya akiolojia ya mkoa, ambayo kila mshauri huitazama kabla ya kuweka masharti, inahitaji kujua kwamba mahali fulani pamechunguzwa na tabaka za kale zimeshaondolewa na ghala la chini la enzi za Malkia Victoria. Jirani yako atakapoomba kibali chake baada ya miaka 5, huenda akasamehewa sharti kwa sababu ya ripoti yako.

Nimewahi kufika eneo la kazi saa mbili asubuhi kama tulivyopatana, nikakuta mtaro wa maji taka umechimbwa tangu saa kumi na mbili na lori limeshaondoka na udongo. Katika ukuta wa mtaro lilionekana shimo lililokatwa katikati, lenye majivu na mifupa ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, zuri mno. Nilichora nilichoweza. Lakini kila kigae cha chungu ambacho kingenipa tarehe kilikuwa kimekwenda na lori, na katika ripoti niliandika kwamba shimo hilo ni la enzi isiyojulikana. Mwenye nyumba alilipa kiasi kile kile ambacho angelipa kwa jibu kamili. Ninalitaja hili bila kinyongo na mtu, ila sipendi kukuficha kwamba liliniuma, na bado linaniuma.

Kuhusu kusimamishwa kwa ujenzi: ndiyo, anaweza kuisimamisha mashine, na uwezo huo huandikwa waziwazi katika mpango wa maandishi wa uchunguzi, ambao yeye ndiye anayeuandaa na mshauri wa halmashauri ndiye anayeuidhinisha kabla ya koleo la kwanza kuingia ardhini. Kwa kazi kama yako kusimama huko huwa kwa dakika, mara nyingine saa chache, mara chache sana siku moja au mbili. Jambo zito likitokea, kwa mfano ukuta wa kale uliosimama vizuri au makaburi kadhaa, mshauri huitwa, na mnakaa pamoja kuamua kama msingi ubadilishwe upite juu yake au uchimbaji rasmi ufanywe. Mweleze fundi mapema, na katika mkataba wake weka siku mbili za akiba, ili kusimama kusigeuke ugomvi wa malipo.

Gharama ni juu yenu, kama barua inavyosema. Msingi wa utaratibu huu uliwekwa Uingereza mwaka 1990, kwamba anayebadilisha ardhi ndiye anayegharamia kurekodi kile anachokiondoa, na haubagui sana kati ya kampuni kubwa na familia inayotaka jiko. Ninafahamu kwamba kwa familia hilo ni zito. Omba makadirio kwa makampuni matatu yaliyosajiliwa na taasisi ya kitaaluma ya wanaakiolojia, na kila moja ulitake litenganishe kwa maandishi mpango wa uchunguzi, siku za kusimama kwenye mtaro, kazi ya ofisini baada ya hapo, ripoti, na ada ya kuhifadhi kumbukumbu na vitu. Bei ya chini ambayo haitaji kazi ya baada ya uchimbaji ni ya kuogopwa, kwa kuwa sharti halifutwi mpaka ripoti ikubaliwe. Kisha mwombe fundi achimbe msingi, mabomba na shimo la maji ya mvua katika siku zinazofuatana. Nimeona familia ikilipia safari nne za mtaalamu kwa kazi ambayo ingekwisha kwa safari moja.

Njia nzuri zaidi ya kupunguza gharama ni kuchimba kidogo, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huikumbuka wakati michoro imeshakamilika. Mwite mwanaakiolojia na mhandisi wazungumze kabla hamjafunga michoro. Pengine bomba jipya linaweza kufuata mtaro wa bomba la zamani, ambamo udongo umeshavurugwa na hakuna cha kupoteza. Pengine udongo unaruhusu msingi wa jamvi la zege usioenda chini sana, ikiwa mkaguzi wa majengo ataukubali. Hakuna ufuatiliaji bora kuliko udongo ulioachwa ulipo.

Sasa mifupa, na hofu ya mama mkwe, ambayo naomba usiicheke. Makaburi ya watawa yalikuwa ndani ya ukuta, na watu wa mji walizikwa kwenye uwanja mkubwa wa makaburi ulioko bado kati ya makanisa mawili ya parokia, kwa hiyo kukuta kaburi kamili nyuma ya nyumba yenu si jambo la kutarajiwa. Kinachoweza kutokea ni mfupa mmoja mmoja uliohama, uliokuja na udongo uliochotwa makaburini zamani kujazia ua wa mtu. Na mingi kati ya mifupa inayowashtua mafundi ni ya ng'ombe, kondoo na nguruwe. Hata hivyo mkikuta mfupa mnaoudhania kuwa wa binadamu, kazi isimame mahali hapo papo hapo, mfupa usiinuliwe, ufunikwe kwa turubai ili wapita njia wasiutazame, na mwanaakiolojia aamue. Pakiwa na shaka yoyote kwamba ni wa siku za karibu, polisi huarifiwa. Ukiwa ni wa kale, hauwezi kuondolewa mpaka Wizara ya Sheria itoe leseni chini ya sheria ya mazishi ya mwaka 1857, na shauri la kwanza huwa ni kumwacha marehemu alipo kama msingi unaweza kumkwepa. Mkristo wa enzi zile alilazwa kichwa magharibi na miguu mashariki, na mara nyingi mwelekeo huo peke yake humwambia mtaalamu anachokitazama. Mwambie mama kwamba aliye hatarini kufukuliwa na kutupwa na lori bila mtu kujua ni yule ambaye fundi angemkuta Jumamosi alfajiri. Aliyekutwa na mwanaakiolojia hufunikwa, huandikwa na hushughulikiwa kwa adabu.

Kuhusu vitu vingine nitapita haraka. Kwa sheria ya Uingereza, vyungu, mawe na mifupa ya wanyama vitakavyotoka kwenye ardhi yenu ni mali yenu, ingawa mtaombwa mvikabidhi kwa hifadhi ya umma pamoja na kumbukumbu zake, nami ningewasihi mkubali, kwa kuwa kigae kilichotengwa na kumbukumbu zake ni kigae tu. Dhahabu na fedha ni habari nyingine. Sheria ya hazina ya mwaka 1996 inataka kitu chenye umri wa miaka 300 au zaidi, ambacho angalau asilimia 10 ya uzito wake ni madini hayo, na vilevile sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha za umri huo zilizokutwa pamoja, viripotiwe ndani ya siku 14 kwa afisa wa serikali anayehusika na uchunguzi wa vifo na hazina. Mwanaakiolojia wako atakusaidia kuripoti.

Mambo mawili ya kuhakikisha wiki hii. La kwanza, ingawa barua inasema mko nje ya eneo linalolindwa kitaifa, tazama mwenyewe ramani katika orodha ya taifa ya urithi, inayopatikana bure mtandaoni, na ufuatishe mstari wa mpaka nyuma ya kiwanja chenu; ikiwa bomba la maji litauvuka hata kwa mita moja, mtahitaji ridhaa ya pekee chini ya sheria ya mwaka 1979, na kuchimba bila ridhaa hiyo ni kosa la jinai moja kwa moja, bila kusubiri ilani. La pili, uliza halmashauri kama nyumba yenyewe imo katika orodha ya majengo ya kihistoria, kwa sababu kuunganisha jiko na ukuta wa nyumba kama hiyo kunadai kibali kingine, kilicho tofauti na hiki mlichokipata.

Ripoti ikikamilika nakala yake itaingia katika kumbukumbu ya mkoa na kusomeka na yeyote, ikiwa na ramani ya mtaro wenu na michoro ya tabaka zake. Omba na wewe upewe yako. Na rasimu ya mpango wa maandishi ikikufikia, nitumie niisome kabla hujatia sahihi. Wakati huo angalia kwanza kama shimo la kunyonyea maji ya mvua limetajwa ndani yake, kwa maana ndilo linalosahaulika, na ndilo linalochimbwa mwisho, siku ambayo mwanaakiolojia ameshaaga.